Nani Kaushika Mlango 47000?

"Hakuna mtu," alisema Mkaguzi. "Mlango umeshikwa, na hakuna aliyeushika."

Meneja wa kituo alikuwa amesimama kizingitini mwa chumba cha seva, simu moja sikioni, nyingine mkononi. Alimtazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

"Mama, niliwaomba makao makuu waniletee mtu wa kunipa jibu. Hilo nalo ni jibu?"

"Ni jibu la mashine. Langu bado."

Alirudi kwenye skrini, akakunja mikono ya blauzi. Chumba chenyewe kilikuwa stoo iliyopandishwa cheo: kabati la chuma lenye seva, meza iliyopungukiwa mguu, na kiyoyozi kilichonguruma bila kupoza chochote. Kibodi waliyompa ilikuwa na kitufe cha nafasi kinachong'ang'ania chini, hivyo kila amri aliiandika mara mbili, na mara ya pili aliiandika akiuma meno.

Nyuma ya ukuta ndiko kulikokuwa na ukumbi wa simu. Mtu akizidiwa na ugonjwa au akigongwa barabarani, simu ya kuombea gari la wagonjwa huingia pale. Mpokeaji huandika mtaa na nyumba, kisha programu waliyoibatiza Msambazaji huipeleka taarifa kwenye simu ya dereva aliye karibu. Ndivyo inavyotakiwa iwe. Lakini wiki nzima sasa Msambazaji alikuwa anagoma. Seva ikizimwa na kuwashwa, mara anaamka vizuri, mara anakufa kabla hajafungua macho, akiacha lalamiko lile lile: namba ya mlango 47000 inatumika tayari.

Kila programu inayopokea wageni kwenye seva ina namba ya mlango wake, na mlango mmoja haukaliwi na wawili. Hilo Mkaguzi hakuhitaji kufundishwa. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kituo hadi kituo akitafuta nani kamwingilia nani. Kwa kawaida haikuwa kazi ya kutokwa jasho: unaiambia Linux, mfumo unaoiendesha seva, ikutajie wote waliokaa milangoni wakisubiri wageni, unamwona mvamizi, unamtoa. Safari hii majibu yalitoka safi. Milango mingine yote ilikuwa na wenyewe. Kwenye 47000, kimya.

Meneja alikata simu. "Jana mzee mmoja alishikwa na moyo. Msambazaji amekufa, taarifa ikaenda kwa mdomo, dereva akasikia mtaa mwingine. Mzee wa watu yuko chumba cha mahututi hadi sasa hivi, na wanawe wamekaa ofisini kwangu. Niwaambie nini? Mlango umeshikwa na jini?"

"Waambie tunachunguza."

"Mimi nimeshachunguza. Fundi wetu ndiye mwenye mkono humu. Aliomba cheo akanyimwa, akaamua kutukomoa. Nimemsimamisha kazi mbele ya wenzake wote, yuko chumba cha madereva. Polisi wanakuja mchana huu. Kwako nataka uthibitisho tu."

"Ungetaka uthibitisho tu, ungeita mpiga picha," alisema Mkaguzi. "Nipe shahidi wako."

*

Shahidi alikuwa msimamizi wa ukumbi wa simu, mama wa makamo ambaye kituo kizima kilimwita Mama Redio, kwa kuwa alianza kazi enzi zile magari yanaitwa kwa redio za mawimbi. Aliketi kwa upande, sikio moja likiwa bado ndani ya kisikilizio.

"Fundi ni nani yako?" Mkaguzi alianza.

"Nyaya? Mtoto wa kaka yangu. Anakaa kwangu. Mimi ndiye niliyemwombea kazi hapa."

"Na wewe ndiye uliyemtaja."

"Ndiyo." Mama Redio hakukwepesha macho. "Ni damu yangu. Lakini simu ya yule mzee niliipokea mimi, nikamsikia binti yake akilia mpaka sauti ikakauka. Siwezi kumficha mtu, hata awe nani."

"Uliona nini?"

"Kioo kile pale kinatazamana na chumba cha seva. Kila Msambazaji anapokufa, muda mfupi kabla Nyaya huwa ameingia. Anainama, anabonyeza, taa zinazima, zinawaka, halafu sisi huku tunabaki tunapiga kelele kama watu wa sokoni. Msambazaji hajawahi kufa Nyaya akiwa mapumziko."

"Na siku ambazo aliingia, akainama, akabonyeza, na msipate shida?"

Mama Redio alifikiri. "Siku hizo... nani anazikumbuka?"

"Hakuna. Ndiyo maana nauliza." Mkaguzi alisugua macho. "Kabla ya haya, mlikuwa mnapata shida?"

"Miaka na miaka, raha mustarehe."

"Mmeongeza nini kwenye seva hivi karibuni?"

"Ah, mimi mambo ya seva siyajui. Ninachojua wametuletea kinasa sauti cha kurekodi simu, na ile picha ya Meneja."

"Picha?"

Mama Redio aliinua kidevu kuelekea ukutani, ambako skrini kubwa ilionyesha vibao vya rangi vikipanda na kushuka. "Idadi ya simu, kasi ya magari, sijui nini. Wakubwa wanaiona huko huko waliko." Kisikilizio kikalia, naye akamgeuzia mgongo. Alichukua kalamu, akaandika mtaa kwenye karatasi, akasimama na kumpigia dereva kelele kupitia dirishani.

*

Nyaya alikutwa kwenye benchi la madereva, kikombe cha chai kimepoa mbele yake. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu fupi na macho mekundu ya kukosa usingizi. Hakusimama.

"Umekuja kunifunga pingu?"

"Nimekuja kuuliza. Kila mara kabla Msambazaji hajafa, ulikuwa chumba cha seva. Kweli au uongo?"

"Kweli."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Naiwasha seva upya. Si ninyi huko makao makuu mnaotuma masahihisho ya usalama? Hayakai mpaka seva izimwe na kuwashwa. Nisipoyaweka, mnaniandikia onyo. Nikiyaweka, naitwa muuaji."

"Msambazaji akigoma unafanyaje?"

"Nazima, nawasha tena, mpaka akubali."

"Mara ngapi?"

"Haina hesabu. Siku nyingine anaamka papo hapo. Siku nyingine nasota asubuhi nzima."

"Na hukutafuta chanzo?"

Nyaya alicheka, kicheko kisicho na furaha hata chembe. "Kutafuta kunataka utulivu, mama yangu. Mimi nina watu wanafia barabarani, na Meneja kanisimamia mgongoni anagongagonga saa yake. Nilimwambia kuna kitu hapa, nipe siku moja nikitafute. Akaniambia nisimletee uvivu."

"Kinasa sauti aliweka nani?"

"Mimi."

"Kwenye mlango gani?"

Hapo alisita. "Sikumbuki. Nilifuata maelekezo ya waliokiuza." Aliona uso wa Mkaguzi ukibadilika. "Kwani vipi?"

Mkaguzi alikuwa ameshafika mlangoni.

*

Kweli kilikuwapo. Safari hii alipoitaka mashine iwataje wanaosubiri wageni wa kila aina, jina la kinasa sauti lilitokeza, na mbele yake namba ile ile: 47000.

"Huyo hapo!" Meneja alipiga kofi mezani, kompyuta ikayumba. Alikuwa anachungulia begani kwake kwa muda wote huo, akimpumulia shingoni.

"Subiri, Meneja. Namba ni moja, mtaa si mmoja."

"Mtaa gani tena?"

"Seva ina mitaa miwili. Kuna mtaa wa programu zinazoitikiana, moja ikisema na nyingine ikijibu, na kuna mtaa wa zinazorusha tu bila kungoja jibu. Msambazaji yuko mtaa wa kwanza. Kinasa sauti kiko wa pili. Nyumba namba saba ya mtaa huu haigombani na nyumba namba saba ya mtaa ule. Hawa hawakutani kabisa."

"Kinasa sauti kimewekwa na nani?"

Mkaguzi alirudisha macho kwenye skrini.

"Nimeuliza."

"Nyaya."

"Kizime. Halafu washa seva upya."

Alikizima, kwa kuwa kukizima hakukuwa na madhara, akaiwasha seva upya. Taa zikazima, zikawaka. Kiyoyozi kikakohoa. Kisha kutoka ukumbini zikapanda sauti za shangwe, mtu akapiga makofi: Msambazaji alikuwa ameamka, na taarifa zilikuwa zinaruka kwenda kwa madereva moja baada ya nyingine.

"Hawakutani, eh?" Meneja alimpiga bega kidogo, kwa upole wa mshindi. "Pole, mama. Hata wataalamu hukosea." Akatoka akibonyeza simu, na sauti yake ikasikika ikififia kwenye korido: "Ndiyo, afande. Tumempata. Njooni tu mapema."

Mkaguzi alibaki ameshika kichwa. Hakuna kilichomkera katika kazi hii kama ugonjwa unaopona bila sababu. Alikagua upya mitaa yote miwili na alichokisema kilikuwa sahihi: kinasa sauti hakingeweza kumzuia Msambazaji hata kingetaka. Lakini kimeondoka, na Msambazaji mzima. Nani atamsikiliza sasa?

Alimkimbilia Meneja koridoni. "Nataka kuiwasha upya mara nyingine."

"Una akili timamu? Imepona, unataka kuiua tena?"

"Kama imepona, itaamka. Kama haijapona, bora ifie mikononi mwangu sasa hivi kuliko ije ife mtu akiwa anakata roho kwenye simu."

"Huigusi." Meneja alimnyooshea kidole. "Ukiigusa na ikagoma, nitawaambia makao makuu ni wewe." Akaingia ofisini kwake, kwa wana wa yule mzee, akafunga.

Mkaguzi alisimama pale akitazama ubao wa mlango wa ofisi. Kisha akageuka na kuingia ukumbini, akaenda moja kwa moja hadi kwenye kiti cha Mama Redio, akamweleza yote kwa sauti ya chini: kinasa sauti, mitaa miwili, anachotaka kufanya na alichokatazwa.

Mama Redio alitazama skrini yake. "Magari yaliyotoka yote yameshafika kwa wagonjwa. Zikiingia simu mpya tutaandika kwa mkono, tumeshazoea." Akavua miwani. "Na ikiamka vizuri tena?"

"Hapo sitakuwa na la kumtetea mtoto wa kaka yako."

"Amekwisha."

"Amekwisha."

Mama Redio alipangusa miwani kwa upindo wa kanga ya begani, taratibu, pande zote mbili. "Meneja ana ofisi," alisema. "Ukumbi ni wangu. Zima."

*

Msambazaji hakuamka.

Lalamiko lilikuwa lile lile, neno kwa neno: mlango 47000 unatumika tayari. Na kinasa sauti kilikuwa kimezimwa, kimelala fofofo. Ukumbini watu waliguna, kalamu zikaokotwa tena. Mkaguzi ndiye mtu pekee katika jengo zima aliyeshukuru, na shukrani yenyewe haikudumu, kwa maana alipouliza tena ni nani aliyekaa kwenye mlango ule, mashine ilimjibu kama ilivyomjibu tangu asubuhi. Hakuna mtu.

Alipiga meza kwa ngumi. Kitufe cha nafasi kikanasa chini, na skrini ikaanza kusogea yenyewe.

"Haya," alijiambia. "Taratibu. Tunajua nini?"

Nyaya alikuwa anawasha tu mpaka ikubali. Mara ya kwanza, mara ya tano, bila mpangilio. Mtu aliyekusudia kuharibu anaharibu kila siku, au anaharibu siku anayotaka yeye. Habahatishi. Na programu mbili zinazogombea mlango mmoja hugombana kila asubuhi, kwa utaratibu ule ule. Hii haikuwa na utaratibu. Kulikuwa na kitu mle ndani kinachookota namba kwa bahati nasibu.

Kitu gani kwenye Linux huokota namba kwa bahati nasibu?

Aliinua mikono kutoka kwenye kibodi.

Waliokaa hawaokoti. Wao wamepangiwa namba zao. Wanaookota ni wanaotoka. Programu ikitaka kwenda kuzungumza na mashine ya mbali, nayo lazima ipite mahali, kwa hiyo Linux huiokotea mlango wowote ulio wazi kutoka fungu kubwa la namba za juu, kuanzia elfu thelathini na kitu hadi karibu elfu sitini na moja. Elfu arobaini na saba iko katikati ya fungu lile. Na yeye, tangu asubuhi, alikuwa anaiuliza mashine kuhusu waliokaa wakisubiri wageni. Waliotoka hakuwauliza hata mara moja.

Amri yake ilikuwa ss -ltnp. Ile l ndiyo iliyosema: nionyeshe wanaosubiri tu. Aliifuta, akaweka a badala yake, kuomba wote, akabonyeza.

Skrini ilifurika. Mistari ilipanda mbio hata macho hayakuweza kuishika, mamia, maelfu, na mwishoni mwa kila mmoja jina lile lile: takwimu. Alichuja namba moja tu aliyoitaka. Ukabaki mstari mmoja. Mlango 47000, umeshikwa na takwimu, anazungumza na makao makuu.

Alikaa akautazama mstari ule bila hata kutabasamu. Ilichukua muda mfupi kuona namna jambo lilivyokuwa. Programu ya takwimu ilitakiwa ifungue njia moja kwenda makao makuu na kupeleka kila kitu humo. Badala yake ilifungua njia mpya kwa kila simu iliyowahi kupigwa, na haikufunga hata moja. Seva ikiwaka, yenyewe ndiyo iliyotangulia kuamka, ikatoka na milango kwa maelfu. Ikiubeba na ule wa Msambazaji, anakufa. Ikiuruka, anaishi. Basi.

*

"Ni picha ya Meneja," alisema Mama Redio kutoka kizingitini. Alikuwa amesikia.

Meneja alifika akiwa amefura. "Nilikukataza—"

"Ndiyo, ulinikataza. Tazama." Mkaguzi aligeuza skrini, akamweleza, safari hii bila kupunguza sauti. Alipomaliza, korido ilikuwa imejaa watu, na Nyaya alikuwa miongoni mwao.

"Makao makuu ndio walioitaka!" Meneja alisema.

"Walitaka takwimu. Nani alisema ziwekwe kwenye seva ya magari ya wagonjwa?"

Meneja alianza kupapasa simu yake.

"Nilikuambia iende kwenye mashine ya ofisi," alisema Nyaya kutoka nyuma. "Ukasema mgeni anakuja kesho yake, iwake humo humo, maneno baadaye."

"Kwa hiyo nimwandike nani kwenye ripoti?" Meneja alimgeukia Mkaguzi, na sasa sauti yake ilikuwa karibu ya kusihi. "Wale watoto wa mzee hawataki kusikia habari za namba. Wanataka mtu."

"Hakuna aliyekusudia. Wanachotaka ni mtu wa kuwaambia ukweli, na huyo ni wewe. Nitakaa nawe tukiwaambia. Lakini kwanza wapigie polisi wasije."

Alipiga. Wote walimsikiliza akipiga. Kisha akasafisha koo. "Haya, Nyaya. Rekebisha basi."

"Nimesimamishwa kazi."

"Nimekurudisha."

"Ulinisimamisha ukumbini," alisema Nyaya, "mbele ya watu wote, ukaniita muuaji. Hapa ni koridoni."

Meneja alitazama huku na huku asione pa kujificha. Akaingia ukumbini, akasimama katikati ya meza za wapokeaji, akasema kitu akitazama sakafu.

"Hawajakusikia huku nyuma," alisema Mama Redio.

"Nimesema haikuwa Nyaya! Nilimkosea. Mmesikia?"

Ndipo Nyaya alipoketi mbele ya ile kibodi mbovu. Aliizima programu ya takwimu, na ukutani vibao vya rangi vikaganda. Akaandika agizo kwenye mipangilio ya seva: namba 47000 isipewe kamwe programu yoyote inayotoka. Mkaguzi alisoma kila herufi juu ya bega lake, kisha wakaiwasha seva upya, na tena, na tena, hata Meneja alipoanza kuhema kwa kukereka. Kila mara Msambazaji aliamka. Mwishowe wakakirudisha na kinasa sauti kwenye mlango wake, wala hakukuwa na ugomvi.

Nyaya alichukua koti lake kwenye msumari. Ili kutoka ilimbidi apite ukumbini, kando ya kiti cha shangazi yake.

"Nyaya."

"Naam, Shangazi."

"Nilisema nilichokiona."

"Ulichokiona ni kweli. Niliingia, nikainama, nikabonyeza." Alikuwa anafunga vifungo vya koti bila kumtazama. "Lakini wiki nzima tumekula meza moja, usiku na asubuhi. Hukuniuliza hata mara moja nafanya nini mle ndani."

Mama Redio alifungua kinywa kumjibu. Mbele yake taa ya simu ikawaka. Aliitazama taa, akamtazama Nyaya, na mkono wake ukaenda kwenye kisikilizio.

"Magari ya wagonjwa, nakusikiliza. Tulia, mwanangu. Niambie uko wapi." Aliandika, akabonyeza, na kabla hajamaliza kusema "gari linakuja," jibu la dereva lilikuwa limeshatokeza kwenye skrini: ameipata, yuko njiani.

Aliendelea kuzungumza na yule mtu kwa sauti ile ile tulivu, akimwelekeza namna ya kumlaza mgonjwa kiubavu, huku akigeuza kiti taratibu, akimtafuta Nyaya kwa macho. Mlango wa nje ulikuwa unajifunga polepole. Hapakuwa na mtu.